Jiko jembamba la nyumba ya kale: friji, kuka na vinginevyo vikae wapi

Dadangu, umesema unakarabati jiko la mamako huko Langoni, Mji wa Kale wa Lamu, chumba ni chembamba, friji, kuka ya gesi, maikrowevu na blenda umeshanunua, na hujui kipi kikae wapi. Mimi nilipitia hayo nyumbani kwetu Mkomani mwaka 2019, na mara ya kwanza nilikosea. Baada ya miezi minane nikabomoa kaunta na kuanza upya.

Kosa lilikuwa moja, mengine yote yakazaliwa humo: nilipanga vyombo kwa kufuata soketi. Soketi za zamani zilikuwa mbili, ukuta mmoja, basi friji, kuka na maikrowevu vikabanana hapo hapo. Mimi hupika mahamri ya kuuza, na moto wangu huwaka tangu saa kumi alfajiri. Kufika saa moja ubavu wa friji umechemka, hauwekeki mkono, na mota inanguruma bila kupumzika. Friji kazi yake ni kuchukua joto la ndani na kulitoa nje. Ukiibana ukutani halafu ukaipasha moto ubavuni, joto hilo litoke wapi? Samaki changu niliyemtia ndani Alhamisi, Ijumaa nikimtoa macho yameshaingia ukungu. Uchungu wa kumwaga samaki unaujua.

Safari ya pili nilianza na chakula chenyewe. Nilisimama mlangoni na kapu la sokoni mkononi, nikafuata njia yake: samaki anaingia, anahifadhiwa, anaoshwa, anakatwa, anapikwa, anapakuliwa. Basi friji ikakaa karibu na mlango, kisha sinki, kisha kaunta tupu ya kukatia. Kuka nikaipeleka ukuta wa pili, na pembeni yake nikaacha pahali pa kutua sinia. Soketi zikafuata baadaye. Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kiliiweka kanuni hii miaka ya 1940: friji, sinki na kuka vifanye pembetatu, kila upande kati ya mita 1.2 na 2.7. Ukiwa na chumba kikubwa utaipima kwa utepe. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali. Changu kina upana wa mita 2.5. Kaunta za sentimita 60 pande zote mbili zimeniachia njia ya mita 1.3, na hapo watu wawili wanapishana bila kumwagiana uji. Kuka na sinki usiviangalizanishe uso kwa uso. Sogeza kimoja hatua moja, la sivyo wewe na mamako mtapigana migongo kila siku.

Na mamako, je, bado anakuna nazi kwa mbuzi? Muulize kabla fundi hajaanza. Mafundi wetu siku hizi hujaza kaunta kila ukuta, kisha mama mzima anatolewa na mbuzi yake kwenda kukunia koridoni. Mimi nilimwachia mamangu mita moja ya sakafu chini ya dirisha, penye mwanga, karibu na sinki. Blenda ninayo na naitumia kila siku, lakini Ramadhani tui la futari hulitoa yeye pale.

Kuka usiiweke chini ya dirisha. Kaskazi ikivuma huzima moto nawe hujui, gesi inaendelea kutoka. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni, kwa hivyo mtungi usiufungie kabatini. Wangu umesimama nje kiwandani, yaani uani, bomba la shaba limepitishwa ukutani na fundi wa gesi, na kila nikibadilisha mtungi napaka povu la sabuni penye viungo. Povu likivimba, panavuja.

Umeme nao. Soketi moja ya amp 13 kwa volti 240 haibebi zaidi ya wati 3,100 hivi. Birika la umeme peke yake laweza kula 2,000 na zaidi, maikrowevu 1,200. Mimi niliviunga pamoja kwenye ekstensheni moja, plagi ikageuka rangi ya kahawia na kulainika kama nta. Kila kimoja kipe soketi yake ukutani. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, zikichimbwachimbwa hubomoka, kwa hivyo waya zangu zimepita juu ya ukuta ndani ya mabomba ya plastiki. Na ukitaka kutanua dirisha au kuvunja ukuta, kaulize kwanza watu wa makumbusho, maana Mji wa Kale ni Urithi wa Dunia tangu 2001.

Maikrowevu isikusumbue, iweke karibu na friji, usawa wa kifua, isiwe juu ya kuka kwenye mvuke.

Mwisho, pima mlango na kona ya ngazi kabla ya kununua chombo kingine. Friza yangu ilivuka salama kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, mahamali wakaifikisha mlangoni, ikakwama ngazini kwa sentimita nne. Iko chini sebuleni hadi leo.

Niambie upana wa chumba na dirisha linatazama wapi, nikuchoree.