Jibu kwa dada anayemuuguza kaka aliyeumia uti wa mgongo: "atazoea" isiwe matibabu

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema kaka yako ana miezi kadhaa tangu aumie, hataki wageni, analala mchana kutwa, na ulipouliza hospitali ukaambiwa ni kawaida, atazoea. Mimi natumia kiti cha magurudumu, jeraha langu liko T4, yaani pingili ya nne ya mgongo usawa wa kifua, na hilo "atazoea" nimelisikia hadi basi.

Kuhuzunika ni haki yake. Sonona (depression) ni ugonjwa mwingine, na una tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 20 hadi 30 ya walioumia uti wa mgongo wana dalili za sonona za kutiliwa maanani. Maana yake wengi hawana, kwa hiyo ukiambiwa kila mtu huwa hivyo, usikubali. Kwangu majonzi yalikuja na kuondoka: asubuhi nalia, jioni nacheka utani wa mjomba. Sonona ilipoingia sikulia tena, na utani wa mjomba nikawa nausikia tu.

Kuna dodoso la maswali 9 la kupima sonona, PHQ-9. Linauliza pia usingizi, uchovu na hamu ya kula, na mtu anayegeuzwa usiku kucha asipate vidonda atachoka tu, awe na sonona au asiwe nayo. Nesi aliyenihoji alilijua hilo. Aliweka kalamu chini akaniuliza: "Kuna kitu chochote bado unakifurahia?" Nilikaa kimya muda mrefu. Akaandika.

Lakini kabla ya kusema yote ni ya kichwani, mwili ukaguliwe. Jeraha likiwa T6 au juu yake, presha inaweza kupanda ghafla kwa sababu kibofu kimejaa, choo kimekwama au ngozi imebanwa mahali. Kichwa kinagonga, jasho linatiririka usoni, unaona unakufa. Mimi niliwahi kuambiwa ni hofu tu, nivute pumzi taratibu, kumbe mpira wa mkojo umejikunja chini ya paja! Hiyo ni dharura: mkalishe wima, legeza nguo, kagua mpira, na isipotulia upesi mkimbize hospitali. Kama aliumia shingo, uliza pia kuhusu pumzi kukatika usingizini, maana huko kulala mchana kutwa kunaweza kutokana na hilo. Na ajali iliyovunja mgongo huenda ilitikisa ubongo pia. Kama amekuwa msahaulifu au mkali kuliko zamani, mwambie daktari.

Dawa zipo na husaidia, ila anayeziandika ajue habari za jeraha. Amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, hupewa wengi pia kwa maumivu ya neva, lakini inaweza kuzuia mkojo na kukaza choo, na sisi hayo mawili tayari ni kazi ya kila siku. Akichoka na vidonge vyote asije akaacha ghafla baklofeni, dawa ya kulegeza misuli inayokakamaa. Hiyo hupunguzwa kidogo kidogo, ukiikata mara moja inaweza kuleta degedege.

Hili nalo usiliogope: muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo, na hatari ya kujiua ni kubwa zaidi miaka ya mwanzo baada ya kuumia. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, dawa zitunzwe mbali naye, na aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Kuhusu ushauri nasaha, mwanasaikolojia alinisaidia, tena sana, kwa kunipangia kitu kimoja kidogo cha kufanya kila siku hata nikiwa sina hamu nacho. Ila aliyenifungua mdomo ni jamaa aliyeumia miaka mingi kabla yangu. Alijihamisha kutoka kitini hadi kitandani kwangu bila kusaidiwa, akakaa, na nikamuuliza mambo ya choo na ya ndoa ambayo nisingethubutu kumuuliza daktari wala mama. Uliza idara ya fiziotherapia, wao ndio huwajua watu wa namna hiyo. Na akija, ninyi ndugu tokeni chumbani.