Bodi za saketi hapa Dar: uchukue ipi, na uipimeje kabla hujalipa

Mkuu, umeuliza bodi za kujaribia saketi zinapatikana wapi hapa Dar na uchukue ya aina gani, mradi wako ukiwa ni ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) ya kusoma kina cha maji kwenye simtank na kuwasha pampu. Kwa kifupi, nunua aina mbili: bredibodi (ya plastiki, unachomeka vifaa bila kuchomelea) ya matundu 830 ya kujaribia mezani, na verobodi (yenye mistari ya shaba) au bodi ya matundu ya kuchomelea moja kwa moja saketi ikishatulia. Bredibodi isipande juu ya tenki hata kwa wiki moja.

Kariakoo anzia kwenye maduka ya vipuri vya redio na TV. Upande wa Aggrey na Likoma, kwenye vipuri vya simu, utapata pasi nzuri ya kuchomelea, flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika), risasi na utambi wa kunyonyea risasi, lakini bodi zenyewe ni za kubahatisha. Vitu vya Arduino na ESP32 vinapatikana zaidi kwa wauzaji wanaolenga wanafunzi wa vyuo vya teknolojia vya DIT na CoICT. Wengi wao wanauzia mtandaoni na kutuma kwa bodaboda. Ukiagiza kwa njia hiyo, omba picha ya mzigo wenyewe, mbele na nyuma, si picha ya tangazo. Na dukani usitegemee jina peke yake: kuna anayeita kila bodi yenye matundu verobodi. Nenda na picha kwenye simu.

Sasa bredibodi, maana hapa ndipo pesa inapopotelea. Zote zinafanana kwa nje, tofauti iko kwenye vibanio vya ndani. Vibanio legelege vinakupa saketi inayofanya kazi ukiigusa na kufa ukiiachia, na utashinda siku nzima ukitafuta kosa kwenye programu wakati programu haina kosa. Nenda na multimita na vipande vinne vya waya wa shaba mgumu wa milimita 0.5. Chomeka kipande kimoja, kisha inua bodi kwa kushika waya huo; kibanio kizuri hakiachii kwa kutikiswa kidogo. Rudia sehemu sita au saba, hasa pembeni. Halafu weka multimita kwenye mlio na upime, kupitia vile vipande vya waya, reli za umeme (safu ndefu za matundu za pembeni) kutoka mwanzo hadi mwisho. Bodi nyingi za 830 reli zake zimekatika katikati, na dalili yake ni mstari mwekundu na wa bluu kuachana pale kati. Huo si ubovu, ndivyo zilivyotengenezwa, ila usipounga kwa jampa (waya mfupi wa kuungia) nusu ya saketi yako haitapata umeme. Usichomeke ncha za multimita moja kwa moja kwenye matundu, ni nene na zinatanua vibanio. Diodi ya 1N5408 nayo usiiweke kabisa, miguu yake ina karibu milimita 1.3.

ESP32 ya pini 38 ni pana. Ukiipachika kwenye bredibodi moja, upande mmoja hubaki na tundu moja la kuunga na mwingine hubaki bila kitu. Chukua bredibodi mbili, bandua reli moja ya pembeni, ziunganishe kando kwa kando, ESP32 ikae katikati ikizipanda zote mbili. Arduino Nano haina shida hiyo, inaacha matundu matatu upande mmoja na mawili upande wa pili.

Kwa jampa, zile za rangi zenye pini zinafaa kuanzia, lakini za bei rahisi nyuzi zake hukatikia ndani bila kuonekana. Nafuu na bora zaidi ni kununua mita mbili za kebo ya mtandao ya Cat5e ya waya mgumu na kuichambua: unapata nyaya nane za rangi tofauti zenye unene wa kama milimita 0.5, saizi ya vibanio. Kabla hujalipa kwangua ncha kwa wembe. Ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba; inakatika haraka na kuichomelea ni tabu. Achana nayo.

Jambo jingine linalowapiga chenga wengi: ESP32 ikishika Wi-Fi inavuta mkupuo mkubwa wa umeme kwa muda mfupi. Jampa nyembamba na vibanio vya bredibodi vinapunguza volti njiani, nayo inajizima na kuwaka upya kila mara. Weka kapasita ya µF 470 karibu kabisa na pini za umeme. Na kama sensa yako ni HC-SR04, inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti, unayoilisha volti 5, pini yake ya mwangwi usiipeleke ESP32 moja kwa moja. Pitisha kwenye rezista ya kilo-om 1, kisha nyingine ya kilo-om 2 kwenda hasi, usomee katikati. Hapo unapata kama volti 3.3.

Bodi ya kudumu: ile ya kahawia ya karatasi ni rahisi, lakini ukizidisha joto shaba inabanduka, na ikishabanduka hairudi. Nunua ya kijani ya FR-4, yaani ya fiberglasi. Ya sentimita 5 kwa 7 ina matundu 432 na inatosha kazi yako. Matundu ya kijani yenye shaba pande zote mbili hushika vizuri sana, ila kung'oa kilichokwisha chomelewa ni mateso. Kwa hiyo ESP32 usiichomelee. Chomelea heda za kike (soketi za pini) mbili za pini 19 na uichomeke juu yake. Verobodi ni nzuri kwa saketi ndogo kwa sababu mistari yake tayari imeunga. Chini ya ESP32 itabidi ukate kila mstari kati ya safu mbili za pini, kwa biti ya dirili ya milimita 5 unayoizungusha kwa mkono. Kisha pima kila mkato kwa mlio, kwa sababu unywele wa shaba unaobaki hauonekani kwa macho.

Tumia risasi ya 60/40 ya milimita 0.8, pasi nyuzi 350, sekunde mbili hadi tatu kwa kila kiungo. Ile asidi ya kuchomelea mabati usiisogeze karibu, inaendelea kula shaba hata baada ya wewe kumaliza. Shaba tupu na hewa yetu ya pwani haviishi pamoja: kwangua wino na kutu kwa steliwaya kabla ya kazi, safisha flaksi kwa spiriti, halafu paka upande wa chini rangi ya kucha isiyo na rangi. Usipake kwenye heda.

Pampu sasa. Volti 230 zisikanyage bredibodi wala bodi ya matundu. Rilei za bluu (swichi zinazowashwa na umeme mdogo) hata miguu yake haiendani na matundu ya milimita 2.54, kwa hiyo nunua moduli iliyokamilika. Isitoshe, maandishi ya A 10 juu yake yasikudanganye: pampu ya hp 1 ikizunguka inavuta karibu A 5, lakini inapoanza inavuta mara kadhaa ya hapo, na ncha za rilei zinagandana. Pampu inabaki imewaka, simtank inafurika. Rilei iamshe kontakta (swichi kubwa ya kazi nzito), kontakta iwashe pampu, na sehemu hiyo ifungwe na fundi umeme.

Kuchapisha bodi yako mwenyewe China, mathalani JLCPCB, ni baadaye, baada ya saketi kukaa mwezi mzima bila kuguswa. Chora kwenye KiCad, programu ya kuchorea bodi, usizidi sentimita 10 kwa 10 maana juu ya hapo bei inaruka, na uagize kwa kuchanga na wenzako: usafiri unakula hela kuliko bodi, na bado kuna VAT ya 18% mzigo ukifika. Mawakala wa mizigo wa Kariakoo wanaotoza kwa kilo ni nafuu kwa bodi tupu. Betri za lithiamu usizichanganye kwenye mzigo wa ndege, zinaweza kuuzuia wote.