Ficha ngeli: kwa mnaoanza kushika kipaza sauti

Wadogo zangu mnaoanza u-MC kwenye sendofu na harusi, mnaniuliza sana vichekesho navitoa wapi. Vingi vimo ndani ya Kiswahili chenyewe, tena mahali mlipopachukia shuleni: kwenye ngeli.

Mwanzoni nilidhani neno lenye maana mbili linatosha. Harusi moja, wakati wa zawadi, shangazi wa bibi harusi akaja na mbuzi ya kukunia nazi imefungwa kwenye kanga. Nikasema moyoni, leo nimepata. Nikatangaza: "Shangazi ametuletea mbuzi hii..." Sikufika mbali. Bibi mmoja wa meza ya mbele akadakia, "Ya nazi hiyo!" Mchezo ukaishia hapo. Mnyama ni "huyu", kifaa ni "hii"; nilikuwa nimetoa jibu kabla ya kitendawili.

Siku hizi nasema: "Shangazi kaleta mbuzi." Nanyamaza. Sijasema kamleta wala kaileta, mmoja wala moja, kwa hiyo hakuna kinachonisaliti. Ukumbi mzima unamwona beberu, wengine wanageuka kutazama mlangoni. Ndipo namalizia: "Kamati ya chakula tulieni. Hii haichinjwi, inakaliwa." Kicheko huanzia kwenye "hii", kabla sijamaliza sentensi.

Jaribuni na paa, kaa, ua, tembo. "Baba mkwe anapenda tembo" imesimama vizuri. Ukisema "tembo lake" umeshamwaga pombe, ukisema "tembo wake" umemleta mnyama. (Mbele ya shehe hiyo iacheni kabisa.) Fanyeni mazoezi kwa sauti, maana kwenye karatasi hamtasikia kiambishi kinavyochomoza.

Kuna na kumhamisha mtu ngeli. Bwana harusi mwembamba akiingia na suti, sema, "Jamani, jibaba hilo limeingia!" Watu watacheka, naye atatanua kifua. Lakini ukimwita "kijibaba", mama yake hatakusahau. Ji- na ki- hupima mtu, na mpimwaji yupo palepale anasikia.

Utani wa makabila waachieni wenyewe. Mhehe na Mngoni wana haki ya kuchokozana, babu zao walipigana karne ya 19 na wajukuu wakarithi utani. Mimi si wa huku wala kule, nikisema maneno yaleyale yanakuwa matusi. Namtafuta mtani ukumbini, nampa kipaza sauti dakika mbili, narudi kando.

Na usichukue kichekesho cha Pwani ukakipeleka popote kama kilivyo. Niliwahi kuipeleka mbuzi yangu bara, kwa watu ambao mboga zao hazijui tui. "Haichinjwi, inakaliwa." Kimya. Nikaanza kueleza kwamba kuna kibao kina meno ya chuma mbele, unakalia, unakuna... Kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjana. Mwishowe mzee mmoja akainua mkono, kwa upole kabisa, akauliza: "Sasa, mwanangu, huyo mbuzi yuko wapi?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Usiku ule hakuna nilichosema kilichochekesha nusu ya swali lake.