Fayawoli kwa Kompyuta Moja ya Nyumbani

SWALI: Mhariri, nina kompyuta moja ya mezani yenye Windows, ambayo naiunganisha na intaneti kwa bando la simu na mara nyingine kwa Wi-Fi ya jirani. Sishirikishi mafaili na mashine nyingine yoyote. Je, fayawoli, yaani programu inayochuja mawasiliano kati ya kompyuta na mtandao, inanihusu? Msomaji, Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Inakuhusu, hasa kwa sababu ya Wi-Fi hiyo, kwani kila aliyepewa nywila yake, wakiwemo wapangaji na wageni wao, anaweza kujaribu kuifikia kompyuta yako. Katika mipangilio ya mtandao, chagua mtandao wa umma hata kama umekaa sebuleni kwako, maana chaguo hilo huificha kompyuta yako kwa vifaa vingine; mtandao binafsi unafaa pale tu unapotaka kutumia printa au mafaili kwa pamoja. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, iache ijipange yenyewe.

Tangu mwaka 2004, fayawoli ya Windows huja ikiwa imewashwa. Kwa kawaida huzuia miunganisho inayoanzia nje bila wewe kuiomba, lakini huruhusu inayoanzia ndani, hivyo virusi ulivyoingiza kwa flashi havitakwama hapo. Usiizime eti kwa sababu gemu limegoma: liruhusu gemu hilo peke yake. Programu usiyoijua ikiomba ruhusa, bonyeza kughairi.

Unapotumia bando, iarifu Windows kwamba muunganisho huo una kipimo (metered), yaani data yake ina kikomo, la sivyo masasisho yatalimaliza kabla hujafungua hata barua pepe.