Kwa mnaoanza wodi: mkono ukitetemeka usidhani kazi imekushinda

Wadogo zangu mnaoingia wodi kwa mara ya kwanza, naandika hapa kama dada aliyewatangulia miaka kadhaa. Mi ni nesi wa dharura, na kila likija kundi jipya la wanafunzi naona jambo lilelile, binti au kijana kafaulu vizuri chuoni, nadharia yote anayo, ila akisimama mbele ya mgonjwa aliyezidiwa mkono unatetemeka, mdomo unakauka, jasho viganjani, halafu baadaye namkuta nje anafuta machozi anasema sista nadhani hii kazi siiwezi. Inaniuma sana kwa sababu mwili wake umefanya kazi yake sawasawa, basi tu hakuna aliyemweleza.

Mi mwenyewe yalinikuta. Naiti ya kwanza, saa nane usiku kaletwa mama katoka kujifungua, anavuja damu vibaya, nikaambiwa weka laini ya pili ya dripu haraka. Kanula ya kijivu, kile kibomba chenye sindano cha kuingiza mshipani, ninayo mkononi, mshipa nauona kabisa, lakini mkono haukai mahali pamoja. Nikachukua plasta, ikagandia kwenye glavu, nikivuta inahamia kidole kingine, na masikioni sisikii kitu zaidi ya moyo wangu. Sista mmoja mtu mzima akasimama nyuma yangu, akaniambia taratibu kabisa, "Mwanangu, toa pumzi yote nje, yote, kisha ndo uchome." Nikatoa, nikachoma, damu ikarudi kwenye kanula. Yule mama alipona, namshukuru Mungu mpaka leo.

Sasa kilichotokea mwilini mwangu ni hivi. Jicho likiona hatari, habari inafika sehemu ndogo ya ubongo inaitwa amigdala, nayo inaigutusha haipothalamasi, sehemu nyingine ya ubongo, na kutoka hapo amri inashuka kwa uti wa mgongo kupitia neva za simpathetiki, zile za kuuamsha mwili, mpaka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, zinamwaga adrenalini, homoni ya dharura. Yote hayo ni sekunde tu, hata hujamaliza kuelewa umeona nini. Moyo unakimbia, njia za hewa zinatanuka, mboni zinafunguka, damu inapunguzwa tumboni inapelekwa kwenye misuli mikubwa, mate nayo yanapungua ndo maana mdomo unakuwa kama umelamba unga. Na adrenalini hiyohiyo ikigusa misuli inaongeza ule mtetemo mdogo ambao kila mtu anao siku zote bila kuuona. Mwanasayansi Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyaandika haya tangu 1915, kwamba mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Shida ni kwamba wewe hutakiwi kupigana wala kukimbia, unatakiwa uingize sindano kwenye kimshipa chembamba, na mwili hilo haujui. Halafu kuna la tatu ambalo kwa wageni ndo naliona zaidi, kuganda, mtu anasimama macho wazi kama kagandishwa, ukimwita kwa jina mara mbili ndo anarudi.

Pumzi je, inasaidiaje? Hapa naomba mnisikilize vizuri maana wengi wanadhani ni maneno ya kufarijiana tu. Moyo ukiachwa wenyewe bila neva yoyote unapiga kama mara 100 kwa dakika. Ukiwa umetulia unapiga 60 au 70 kwa sababu kuna neva ya vagasi inaushika breki muda wote. Ukivuta pumzi ndani breki inalegea kidogo, ukitoa nje inakaza. Jipime mwenyewe sasa hivi, weka vidole kwenye mapigo ya mkono, vuta kwa hesabu ya nne, toa taratibu kwa hesabu ya saba au nane, wengi mtasikia mapigo yanapungua kasi pale unapotoa. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, akaisisimua vagasi ya moyo wa kwanza ukapunguza mwendo, akachukua maji yaliyouzunguka akaumwagia wa pili ambao neva yake haijaguswa, na wenyewe ukapunguza! Ndo ikajulikana kwamba neva inatoa kemikali, ile asetilikolini mnayoikariri kwa mtihani. Kwa hiyo unapovaa glavu, zile sekunde chache, toa pumzi ndefu mara tatu. Mtetemo hautaisha wote, ila utapungua kiasi cha kufanya kazi, na adrenalini yenyewe haikai kwenye damu zaidi ya dakika chache.

Kinachokaa ni kotisoli, homoni nyingine ya msongo. Hii inakuja polepole, inafikia kilele kama dakika 20 hadi 30 baada ya tukio, inapandisha sukari. Ndo maana dharura imeisha, mgonjwa katulia, wewe bado umekaza mabega na kitu kidogo tu kinakufanya umjibu mwenzako vibaya. Ukijua hivyo utakaa kimya kidogo, utakunywa maji, utakula kitu. Na kahawa jamani, nusu yake inabaki mwilini kama masaa matano, ukinywa saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi unajigeuza kitandani unashangaa usingizi uko wapi, na kesho yake mkono unatetemeka zaidi.

Kuzimia kwa kuona damu ni kitu kingine, msichanganye. Pale breki ya vagasi inakamatwa ghafla mno na mishipa inatanuka, presha inashuka, unaanguka. Kabla yake unapiga miayo, jasho la baridi, kichefuchefu, masikio yanaziba. Ukisikia hivyo theatre usijikaze kwa aibu, sema "nakaa chini", kaa au lala, pishanisha miguu ukaze mapaja na makalio kwa nguvu. Mwenzangu darasani alijikaza, akaanguka na trei ya vifaa. Na msije na njaa, nawaomba.

Ila kama ni wiki kadhaa hulali hata siku za off, simu ikiita nyumbani moyo unaruka, chakula hakipiti, hapo pumzi peke yake haitoshi. Ongea na inchaji wako, yaani mkuu wa wodi, au mshauri nasaha mapema. Nimeona watu wazuri sana wameacha kazi kwa kunyamaza.

La mwisho ndo ninalolisimamia kuliko yote. Hofu ikipanda, ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga mambo inapungua nguvu, kinachobaki ni kile ambacho mikono imekizoea. Kwa hiyo ukipokea zamu, kabla hata ya chai, nenda kwenye toroli ya dharura ufungue kila droo kwa mkono wako, kanula za kijivu ziko wapi, dripu ziko wapi, ambu begi, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa, ina mask yake, oksijeni inafunguka. Rudia kila zamu hata kama jana ulifanya. Halafu kata vipande vinne vya plasta, ubandike pembeni mwa trei, viwe vinakusubiri.