Amani kwa siku moja ukitokea Tanga? Ghairi kabla hujalipa

Mkuu, ghairi hiyo ratiba. Ghairi kwanza, halafu rudi usome.

Umeandika kwamba umeona tangazo la kwenda kuangalia ndege Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kwa siku moja. Mnalala Tanga mjini, gari linawachukua saa moja asubuhi baada ya chai, mnazunguka msituni hadi saa tisa, jioni mko Raskazone mnakula samaki. Ukauliza mwezi gani mzuri, gari dogo kama Toyota IST linapanda au halipandi, ununue darubini gani, watoto waje au wabaki kwa bibi yao, na kama mtamwona yule bundi mkubwa wa Usambara.

Ratiba hiyo naijua, niliinunua mimi. Na sikuinunua peke yangu, nilimnunulia na shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Muscat na lenzi ndefu kama bomba la maji taka, mtu ambaye miezi mizima alikuwa ananitumia majina ya ndege wa milima ya Usambara Mashariki, ilipo Amani, akiwemo chozi wa Amani, kadege kadogo ka msitu huo. Mpaka leo kwenye kundi la familia akila kuku ananitumia picha: "Chozi wa Amani huyu hapa, nimempata." Ndugu wanacheka. Na mimi nacheka, nifanyeje?

Sasa piga hesabu na mimi. Gari linatoka saa moja. Kusema kweli linatoka saa moja na nusu, kwa sababu dereva hajaweka mafuta. Tanga hadi Muheza ni lami, hapo hakuna shida. Tulipoiacha lami Muheza tulikuta kama kilomita 25 za vumbi au tope kutegemea siku, tukapita Kisiwani, ndipo tukafika geti la hifadhi la Sigi. Sisi tulifika saa tatu imeshapita. Getini kuna kujiandikisha, kuna malipo ya serikali ambayo yanataka namba ya malipo itoke kwenye mfumo, na mtandao wa simu pale bondeni una tabia zake. Nilisimama kwenye kichuguu nimenyanyua simu juu kama ninaomba mvua. Tulipoanza kutembea jua lilikuwa limekolea na shati limeshalowa mgongoni.

Kijana muongozaji wa pale Sigi, mstaarabu sana, alitutazama, akatazama darubini zetu, akasema taratibu: "Mzee, mngelala hapa. Asubuhi walikuwa wengi, hata kupiga mswaki nimeshindwa kwa kelele."

Ndege wa msituni si kama wa nyikani. Nyikani hata saa sita mchana utamwona mbuni, utamwona tai amekaa juu ya mbuyu. Msitu wa Amani una miti mirefu iliyofunga juu, na ndege wengi unaowafuata wanaishi huko juu kwenye majani. Unawajua kwa sauti kwanza, macho yanafuata baadaye. Sauti zinaanza kabla jua halijatoka, zinakolea saa kumi na mbili hadi saa mbili hivi, halafu zinapungua. Ikifika saa nne unasikia wadudu, maji ya mto, na tumbo lako. Chozi wa Amani mwenyewe ni kadege kepesi kabisa, kanafyonza utamu wa maua na kula wadudu juu kileleni; mchana hata kakiwepo utaona kivuli kinaruka na shingo inakuuma.

Halafu wanatembea kwa makundi mchanganyiko. Hii hakuna aliyeniambia. Unaweza kusimama nusu saa husikii kitu, ghafla mti mmoja unajaa: wa njano, wa kijani, wenye mkia wa kupepea, wanaogonga magome, kila mmoja anatafuta wadudu kwa mtindo wake. Dakika mbili, wamepita. Sisi lilitupitia kundi moja la namna hiyo, na wakati huo shemeji alikuwa anabadilisha betri. Ungekaa asubuhi mbili ungepata makundi mengi tu. Ukiwa na saa tano za mchana unacheza bahati nasibu, na tikiti umeuziwa bei ya VIP.

Nirudi kwa aliyeniuzia. Nilimuuliza kwenye simu, tena kwa heshima: "Kaka, tukifika saa tatu hatutakuwa tumechelewa?" Akanijibu: "Bosi wangu, ndege wapo siku nzima, wataenda wapi?" Kweli bwana, hawaendi popote, ila wamenyamaza na wamejificha, na wewe umelipia kutazama majani. Nikauliza kuhusu bundi. "Bundi wapo wa kutosha." Mkuu, bundi! Mchana! Na ratiba inasema saa tisa tunageuza! Sijui ilikuwaje mtu mzima na akili zangu sikuliona hilo, nadhani ile picha ya hondohondo kwenye tangazo ilinipumbaza. Yule jamaa naamini kabisa hajawahi kulala Amani hata usiku mmoja. Anauza msitu kwa kuusoma kwenye simu. Na dereva aliyetupa kama "mtaalamu wa ndege" alikuwa mtu wa simba na twiga huko Mikumi, kila kilichoruka alikiita chozi. Kipepeo kimoja nacho kiliitwa chozi, nikanyamaza kulinda undugu.

Hapo kwenye bundi ndipo pesa ilipopotea hasa, kwa sababu shemeji alikuja kwa ajili yao. Huko Usambara Mashariki kuna yule bundi mkubwa mwenye jina la milima yenyewe, aliyepewa jina la kisayansi la Vosseler, Mjerumani aliyefanya kazi Amani enzi za ukoloni wao. Na chini huku upande wa Sigi, kwenye msitu wa joto, kuna bundi mdogo wa Sokoke, ambaye duniani anajulikana kwa msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kenya na kwa vilima hivi vya chini vya Usambara Mashariki. Wote hawa ni wa usiku. Unamsikiliza jioni giza likiingia, muongozaji anajua bonde gani aliita jana, mnamfuata kwa tochi bila kumsumbua. Mtu aliyelala Tanga saa hizo anaoga. Tulirudi bila hata unyoya, tumelipia gari, dereva, muongozaji wa kweli tuliyemwongeza palepale getini, viingilio vya watu wote, na vyumba vya hoteli vyenye bwawa la kuogelea ambalo hakuna aliyeliingia. Kiasi sitakitaja hapa. Mke wangu anasoma jukwaa hili.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: LALA JUU, yaani ndani ya hifadhi. Ukilala Tanga umeshachelewa hata kabla hujalala. Hifadhi yenyewe ina nyumba za kulala wageni Sigi na Amani, hazina mbwembwe, kitanda, chandarua, chakula unaagiza mapema ili mpishi akanunue. Usiku wa kwanza lala Sigi, chini kwenye joto, jioni ile ufuate bundi mdogo. Kesho yake panda Amani, kwenye mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari, ulale huko. Sigi ipo kama nusu ya kimo hicho, na ndege wa chini si wote utakaowakuta juu. Ukikosa nafasi ya kulala siku mbili, lala moja, lakini iwe ndani ya hifadhi. Ukiniambia huna hata usiku mmoja, nitakwambia peleka watoto ufukweni, mtafurahi zaidi.

Hata basi linalijua jambo hili. Magari ya abiria ya Muheza kwenda Amani hupanda mchana na kushuka alfajiri. Ukipanda nalo utake usitake unalala juu. Mkulima wa iliki anayesafiri nalo ana ratiba bora ya kuangalia ndege kuliko niliyouziwa mimi kwa laki kadhaa.

Sababu nyingine ya kulala ni ukungu. Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na asubuhi nyingine unaamka huoni hata mti ulio mbele ya baraza. Ukiwa mgeni wa siku moja ukakutana na asubuhi kama hiyo, basi tena. Aliyelala anakunywa chai, anasubiri, ukungu ukiinuka ndege wanaanza kwa kuchelewa na yeye yupo palepale. Mimi niliporudi baadaye (ndiyo, nilirudi, kimyakimya, shemeji nilimwambia nakwenda msibani) asubuhi ilikuwa hivyohivyo. Muongozaji akanipeleka pembeni mwa shamba la chai, tukasimama chai ikiwa nyuma yetu na ukuta wa msitu mbele. Pale ardhi inateremka, kwa hiyo vilele vya miti viko usawa wa macho, shingo haichoki. Ukungu ukaanza kupasuka, hondohondo wawili wakapita juu yetu, mabawa yao yanavuma kweli, unawasikia kabla hujawaona. Halafu mti mmoja uliokuwa na maua ukaanza kutikisika matawi ya juu. Chozi wa Amani dume, kichwa cha kijani kilichoiva, tumbo jeupe, kavu kabisa kama ametoka kunyoshwa pasi. Alikaa muda wa mimi kumtazama, kusafisha kioo cha darubini kwa shati, na kumtazama tena.

Jioni tukamtafuta na ndege mwingine, mshonaji mwenye mdomo mrefu, ambaye jina lake la kisayansi linamkumbuka Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha Amani miaka ya 1930. Huyo ni ndege wa vichaka vilivyosukana na mimea ya kutambaa pembeni mwa msitu, tena wa vilele vya vichaka hivyo, na wapo wachache kupita kiasi duniani. Nilimsikia. Kumwona sikumwona vizuri, niliona jani likicheza, nikaandika "nimemwona" na kalamu ya risasi ili niweze kufuta.

Miezi: kwepa Aprili na Mei, masika inaharibu barabara. Gari: IST siwezi kukuapia. Letu lilikuwa la chini, likakwama kwenye kona moja kati ya Sigi na Amani kwa mvua ya vuli iliyonyesha usiku mmoja tu, kluchi ikanuka bonde zima, wachuma chai wakashuka kwenye lori lao kutusukuma huku wanatuuliza tunafuata nini. Tulipowaambia ndege, mama mmoja akauliza, "Na Tanga hawapo?" Sikuwa na jibu. Kodi gari la juu, au panda hilo basi.

Na muongozaji mchukue wa palepale, wa hifadhi, mpigie kabla. Usimchukue wa kwenye tangazo. Mwambie mapema unawataka ndege gani, wa usiku na wa mchana, na mwambie unataka kuanza saa kumi na mbili kasoro. Akikujibu "mbona mapema hivyo", tafuta mwingine. Niliyempata mimi alinijibu, "Kasoro ngapi?"

Sasa hebu nijibu kitu kimoja, maana kwenye uzi wako hukusema vizuri. Huyo wa tangazo umeshamtumia malipo ya awali au bado? Kama bado, nyamaza tu, usimpigie hata kumuaga, atakushawishi, ana maneno matamu sana. Kama umeshatuma, mwambie leo hiihii akubadilishie hoteli ya Tanga iwe vyumba vya Sigi. Akisema haiwezekani, niandikie pembeni nikupe maneno niliyomwambia wa kwangu. Hapa jukwaani wasimamizi watayafuta.