Maswali na Majibu: Kioo Kilichopinda, Kilichonyooka na Kinachokunjwa

Wiki hii maswali karibu yote ni ya vioo vya simu. Nimechagua yale ambayo majibu yake yanaweza kuokoa hela ya mtu.

Simu yangu ya zamani ilikuwa ya inchi 5.5. Nimenunua ya inchi 6.5 nikitegemea kibodi pana, lakini vidole vinagongana vilevile. Nimeuziwa feki? – Msomaji, Dodoma

Hujauziwa feki. Inchi hupimwa kona kwa kona, na peke yake haikuambii upana. Simu yako ya zamani kwa vyovyote ilikuwa na umbo la 16:9, yaani urefu sehemu 16 kwa upana sehemu 9, kama televisheni. Hii mpya bila shaka ni 20:9. Chukua kalamu upige hesabu: kioo cha inchi 5.5 cha 16:9 kina upana wa kama sentimita 6.85, na cha inchi 6.5 cha 20:9 kina kama 6.78. Inchi nzima imeongezeka, upana umepungua. Ulichopata ni urefu.

Mwendo huu ulishika kasi mwaka 2017, LG walipotoa G6 yenye 18:9 na Samsung wakaja na Galaxy S8 yenye 18.5:9. Mwaka 2019 Sony wakafika 21:9 kwenye Xperia 1. Urefu una faida zake: ukisoma habari unaona mistari mingi kwa mara moja, na simu bado inashikika kwa mkono mmoja. Ila ukilaza simu uangalie mpira, picha inakaa katikati na kando zote mbili zinabaki nyeusi. Mnunuzi wa simu aende dukani na rula, apime upana. Na ajue kwamba inchi za kwenye boksi huhesabiwa kana kwamba kona za kioo ni kali, wakati simu nyingi siku hizi zina kona za mviringo.

Notchi au kitobo cha kamera, kipi bora? – Msomaji, Nakuru

Kitobo, kile kitundu cha kamera ndani ya kioo, si notchi, ule mkato wa ukingo wa juu. Baada ya wiki moja hutakiona tena.

Nataka simu yenye kioo kilichopinda pembeni, inavutia sana. Unaionaje? – Msomaji, Mwanza

Usinunue. Nimeliandika hili mara nyingi na nitaendelea kuliandika mpaka watu waache kuchagua simu kwa jinsi inavyong'aa kwenye kabati la duka.

Samsung walianza na Note Edge mwaka 2014, ikapinda upande mmoja, na mwaka uliofuata S6 edge ikapinda pande zote mbili. Iliwezekana kwa sababu kioo cha OLED, ambacho kila nukta yake hutoa mwanga wake yenyewe, kinaweza kutengenezwa juu ya plastiki inayopindika. Miaka kumi baadaye, mwaka 2024, Samsung haohao wakanyoosha kioo cha S24 Ultra, simu yao ghali ya safu hiyo. Mwaka huohuo Infinix wakaleta Note 40 Pro yenye kioo kilichopinda, kwa bei ya mtu wa kawaida. Yaani mkunjo umeteremka kwetu wakati wenye nao wanauacha.

Shida yake utaiona mezani kwa fundi. Nilikaa na fundi mmoja nikamwangalia akifanya kazi. Kioo kilichonyooka kikipasuka juu tu, anakilaza kwenye sahani ya moto, anapitisha waya mwembamba chini yake polepole, kioo cha juu kinatoka na sehemu ya chini inayoonyesha picha inabaki salama. Kilipoletwa kilichopinda alikigeuza mara mbili, akakirudisha kwa mwenyewe. Waya haufuati ule mkunjo, na kukibandika upya kunataka mashine na kalibu ya modeli hiyohiyo. Mwenye simu aliambiwa abadilishe kioo kizima. Alikuwa mama muuza mboga, na simu hiyo ndiyo anayopokelea malipo ya wateja.

Protekta nayo ni mtihani. Ya kawaida inainuka kando, ya gundi ya maji inayokaushwa kwa taa inataka mkono mtulivu; nimeona gundi ikiingia kwenye spika ya sikioni na simu ikawa haisikiki. Na kiganja kikigusa ukingo, kioo kinapokea amri usiyoitoa.

Simu gani nzuri kwa laki tatu? – Wasomaji wengi

Nzuri kwa kazi gani? Swali hili linaletwa kila wiki hivihivi, bila matumizi wala mahitaji. Semeni mnapiga picha, mnasoma, au mnafanya biashara, nami nitajibu.

Simu ya kukunja itastahimili vumbi la kwetu? – Msomaji, Singida

Kama unafanya kazi ya nje, iache. Kioo cha ndani ni laini, kucha inaweza kuacha alama, na punje ya mchanga ikibanwa katikati unapofunga inaacha jeraha. Galaxy Fold ya kwanza, simu ya kukunja ya Samsung, ilipaswa kutoka Aprili 2019, ikaahirishwa hadi Septemba baada ya vioo kuharibika mikononi mwa waliopewa kuijaribu. Baadhi yao walibandua utando wa juu wakidhani ni nailoni ya dukani. Nawe usiubandue, hata ukianza kuinuka pembeni. Peleka kwa wanaozijua.

Nimebadilishiwa kioo, sasa alama ya kidole haifanyi kazi. Fundi anasema ni programu. – Msomaji, Tanga

Kama kisomea kidole chako kiko chini ya kioo, nashuku umewekewa LCD, kioo kinachomulikwa na taa ya nyuma yake, mahali pa OLED. Mwanga wa kisomea haupiti kwenye LCD ya kawaida. Weka picha nyeusi tupu, ingia chumba cha giza uangalie: OLED inazima kabisa, LCD inabaki na mwanga wa kijivu. Ukiona kijivu, rudi kwa fundi leo, na risiti mkononi.